Ufahamu Katika Madarasa ya Juu ya Shule za Msingi: Kusoma Yaliyoandikwa na Yasiyoandikwa

Utangulizi

Miongoni mwa masomo ambayo mwanachuo huyaona mepesi anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la ufahamu huwa la kwanza. Kitabu kina kifungu cha habari, na chini ya kifungu pana maswali. Mwalimu husoma, wanafunzi husoma, maswali hujibiwa, madaftari husahihishwa, na kipindi hwisha. Hata hivyo, sisi tunaoketi nyuma ya darasa na kuangalia yanayotendeka, mara nyingi tunaona kwamba mambo yote yamefanyika isipokuwa lile lililokusudiwa. Wanafunzi hawakufundishwa kufahamu. Wamepimwa tu, na kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro.

Tuliwahi kuketi hivyo katika Darasa la Sita. Msichana mmoja alisoma kifungu kizima kwa sauti safi, akizingatia vituo vyote. Alijibu maswali matano akapata yote matano. Mwanachuo aliyefundisha aliridhika, nasi tuliridhika. Baada ya kipindi tulimwomba msichana yule atueleze, kwa maneno yake mwenyewe, habari ile ilihusu nini. Alifungua kitabu, akaanza kusoma upya kutoka mstari wa kwanza. Tulipomwomba akifunge kitabu, alinyamaza.

Makala haya yanakusudia kueleza kilichompata msichana yule, ni stadi zipi zinazotarajiwa kwa mwanafunzi wa Darasa la Tano na kuendelea, na ni kwa njia gani mwalimu anaweza kuzifundisha.

Kusoma bila kufahamu

Tuanze na jaribio dogo. Hebu msomaji asome sentensi hizi mbili, kisha ajibu maswali yanayofuata:

Vitelwa vitatu vilikuwa vikishubila kando ya mlenje. Kitelwa kikubwa kikadolega kwa sababu mlenje ulikuwa umegavuka.

1. Vitelwa vingapi vilikuwa vikishubila?
2. Vilikuwa vikishubila wapi?
3. Kitelwa kikubwa kilifanya nini?
4. Kwa nini kitelwa kikubwa kilidolega?

Bila shaka msomaji amepata yote manne. Lakini kitelwa ni nini? Kushubila ni kufanya nini? Hakuna ajuaye, kwa kuwa maneno hayo tumeyabuni sisi wenyewe. Mtu anayeijua sarufi ya Kiswahili anaweza kulifuata umbo la swali mpaka kwenye sentensi inayofanana nalo, akainakili, akapata alama, wala asielewe chochote. Tena tuangalie kwamba hata swali la nne, linaloanza kwa "kwa nini", limejibika. Wanachuo wengi hudhani kwamba swali la "kwa nini" lazima liwe la kufikirisha. Sivyo. Iwapo jibu limeandikwa kwenye kifungu baada ya maneno "kwa sababu", swali hilo ni la kunakili kama yale mengine.

Jambo hili linamhusu mwalimu wa Kiswahili zaidi kuliko walimu wa lugha nyingine nyingi. Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa. Mtoto aliyekwisha kuzijua silabi anaweza kulitamka neno lolote, hata asilolijua. Katika Kiingereza, mtoto akikutana na neno geni mara nyingi hukwama, na mwalimu huligundua tatizo papo hapo. Katika Kiswahili mtoto hakwami. Anateleza juu ya maneno asiyoyaelewa kama mtumbwi juu ya maji, na mwalimu akisikia sauti haikatiki huamini kwamba mambo ni mazuri. Kusoma kwa sauti kunapima matamshi na ufasaha, mambo ambayo yana umuhimu wake. Kufahamu ni jambo jingine.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Yafaa tukumbuke kwamba wazo la kusoma kwa ajili ya kutumia si geni nchini Tanzania. Katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970, palizungumzwa juu ya "kisomo chenye manufaa", yaani kisomo kinachomwezesha mtu kusoma gazeti, kuweka hesabu zake na kufuata maelekezo ya kilimo au ya afya. Kuzijua herufi ulikuwa mwanzo wa safari tu. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanzishwa mwaka 2015 kwa Darasa la Kwanza na la Pili nao uliwekwa kuwa msingi. Walimu wa madarasa ya juu ndio wanaojenga nyumba juu ya msingi huo.

Tuchukue mfano wa kawaida. Mama anarudi kutoka zahanati na bahasha ya vidonge, na mwanawe wa Darasa la Saba anaambiwa aisome. Imeandikwa: Kidonge 1 kutwa mara 3, baada ya chakula. Maliza dozi hata kama umepata nafuu. Mtoto anaisoma bila kukosea hata silabi moja. Siku ya pili mama anajisikia vizuri, naye anauliza kama anaweza kuacha dawa. Jibu la swali hilo limo ndani ya maneno mawili madogo, "hata kama". Mtoto aliyezoea kunakili hatalipata, kwa sababu bahashani hapakuandikwa "mama asiache dawa siku ya pili". Hasara yake si ya alama za mtihani.

Stadi zinazotarajiwa

Tunaweza kuzigawa stadi za ufahamu za madarasa ya juu katika mafungu sita.

(a) Kupata habari iliyoandikwa wazi. Nani, nini, wapi, lini, kiasi gani. Hii ndiyo stadi ya chini, wala haifai kudharauliwa. Lakini mwalimu aulize kwa maneno yasiyofanana na ya kifungu. Kifungu kikisema "aliwasili alfajiri", swali liwe "Alifika wakati gani wa siku?" Hapo mwanafunzi hawezi kunakili bila kujua kwamba kuwasili ni kufika.

(b) Kufuata viambishi na viunganishi. Mzigo mkubwa wa maana katika Kiswahili umo ndani ya kitenzi. Tulinganishe sentensi hizi mbili: "Jiwe liliangukia kikombe kikavunjika" na "Kijiko kiliangukia kikombe kikavunjika." Katika ya kwanza, kiambishi "ki" kinatuonyesha kwamba kilichovunjika ni kikombe. Katika ya pili, kiambishi peke yake hakitoshi, maana kijiko na kikombe vyote ni vya ngeli moja; msomaji hana budi kutumia akili yake kujua kipi huvunjika kwa urahisi. Vilevile mwalimu aulize juu ya nyakati na hali: "Hamisi angalitoka mapema angalilipata basi." Je, Hamisi alilipata basi? Wanafunzi wengi hujibu kwamba alilipata. Viunganishi kama ijapokuwa, bali, madhali, hata hivyo na hata kama, vyote vifundishwe kama alama za njia zinazomwambia msomaji wapi habari inageuka.

(c) Kukisia maana ya neno geni. Mwanafunzi hatakuwa na kamusi kila anaposoma. Afundishwe kutazama maneno yaliyotangulia na yaliyofuata, na kulichambua neno lenyewe: mzizi wake ni upi, na linahusiana na neno gani analolijua. Anayejua "anza" anaweza kukisia "mwanzilishi"; anayejua "tii" anaweza kukisia "utiifu".

(d) Kuunganisha vidokezo. Huku ndiko kusoma yasiyoandikwa. Mwandishi hasemi kila kitu. Humwachia msomaji nafasi za kujaza. Msomaji huchukua alichosoma, akakichanganya na anachokijua juu ya maisha, akapata jambo la tatu.

(e) Kutambua wazo kuu na kufupisha. Mwanafunzi aweze kutenganisha jambo lenyewe na mapambo yake, na kulieleza kwa sentensi moja au mbili zilizo zake mwenyewe.

(f) Kupima na kutoa hukumu. Je, jambo hili ni ukweli unaoweza kuthibitishwa au ni maoni ya mwandishi? Je, mhusika alitenda vyema? Kwa sababu gani?

Mwanafunzi anayetoka Darasa la Nne aghalabu ana stadi ya kwanza na sehemu ya pili. Kazi ya madarasa yanayofuata ni kumpeleka katika zile zilizobaki, na kazi hiyo haifanyiki yenyewe.

Kifungu cha mfano

Kifungu kifuatacho tumekitunga kwa ajili ya Darasa la Tano. Ni kifupi ili kiweze kuandikwa ubaoni mahali penye upungufu wa vitabu.

Baada ya chakula cha mchana Hamisi alivaa viatu vyake vya mpira. Bibi alitoka uani, akatazama upande wa milimani, akasimama kitambo. Kisha akasema, "Leo hakuna kwenda uwanjani mpaka mpunga uwe ndani." Hamisi alinuna, lakini alichukua tenga. Dada yake Asha akachukua jingine. Wakaanza kuuzoa mpunga uliokuwa umeanikwa juu ya majamvi tangu asubuhi. Tenga la mwisho lilipofika mlangoni, mabati yakaanza kulia. Hamisi alicheka kwa furaha. Asha hakucheka. Alikuwa akitazama uani kwa jirani, ambako majamvi matatu yalikuwa yangali yametandazwa, na mlango umefungwa kwa kufuli. Alimwaga ndani mpunga wa tenga lake, akatoka nalo mbio. Bibi alifunua kinywa amwite, akakifunga. Akachukua tenga la Hamisi, akamfuata.

Maswali ya kifungu hiki yanaweza kuwa haya:

1. Mpunga ulianza kuanikwa wakati gani wa siku?
2. Katika maneno "akatoka nalo mbio", Asha alitoka na nini?
3. Katika sentensi ya mwisho, Bibi alimfuata nani?
4. Neno "alinuna" lina maana gani?
5. Bibi aliona nini upande wa milimani?
6. Kwa nini Asha hakucheka?
7. Kwa nini Bibi alifunga kinywa chake bila kusema neno?
8. Eleza habari hii kwa sentensi moja.
9. Je, Asha alitenda vyema kutoka bila ruhusa? Toa sababu.

Msomaji atagundua kwamba neno "mvua" halimo katika kifungu chote. Hata hivyo, habari yote ni ya mvua. Mwanafunzi asiyeiona mvua hiyo hawezi kulijibu swali la tano, la sita, wala la saba. Swali la tatu nalo lina mtego wake: jina lililo karibu zaidi na "akamfuata" ni Hamisi, lakini Hamisi yupo pale pale mlangoni, na aliyetoka mbio ni Asha.

Swali moja la mwalimu: Umejuaje?

Iwapo mwanachuo atasahau mengine yote tuliyoyaandika, tunamwomba akumbuke swali hili moja. Kila mwanafunzi anapojibu, awe amepata au amekosa, mwalimu amwulize, "Umejuaje?"

Mwanafunzi akisema Bibi aliona mawingu ya mvua, mwalimu asiseme "Vizuri" akaendelea. Amwulize, "Umejuaje?" Mwanafunzi atalazimika kurudi kwenye kifungu: Bibi alitazama milimani, kisha akaamuru mpunga uingizwe haraka, baadaye mabati yakalia, na vitu viliavyo juu ya mabati baada ya wingu ni matone ya mvua. Kwa kufanya hivyo anaionyesha njia aliyopita, na wenzake ambao hawakuijua njia hiyo wanaiona. Hapa ndipo kufundisha ufahamu kunapofanyika. Jibu sahihi lisiloelezwa njia yake humnufaisha yule aliyelitoa peke yake.

Swali hilohilo humsaidia aliyekosa. Mwanafunzi akisema Bibi alimfuata Hamisi, asichekwe wala asipitwe. Akiulizwa amejuaje, atasema jina la Hamisi ndilo lililotangulia. Basi mwalimu amekwisha kuona kosa liko wapi: mtoto huyu anafuata mpangilio wa maneno, hafuati habari. Kosa hilo linaweza kusahihishwa. Alama ya mkasi peke yake katika daftari haisahihishi kitu.

Aidha, swali la "Umejuaje?" humwekea mwalimu mpaka kati ya jibu linalokubalika na lisilokubalika. Swali la saba lina majibu zaidi ya moja. Mmoja atasema Bibi alitaka kumzuia Asha asilowe, kisha akaona kwamba anakwenda kutenda jema. Mwingine atasema Bibi aliona haya kwamba mtoto amemkumbuka jirani kabla yake. Majibu yote mawili yana mashiko katika kifungu. Wa tatu akisema Bibi alikuwa na usingizi, ataulizwa amejuaje, naye hatapata mahali pa kuonyesha. Hivyo wanafunzi hujifunza kwamba katika ufahamu kila jibu hutafutiwa ushahidi.

Mpango wa kipindi

Katika kipindi cha dakika 40, tunapendekeza mpango huu.

Dakika 5: Utangulizi. Mwalimu aeleze vitu ambavyo wanafunzi wa mahali pale huenda hawavijui. Mtoto wa wafugaji huenda hajaona mpunga ukianikwa majamvini; anayeishi katika nyumba ya nyasi huenda hajasikia mabati yakilia. Bila ujuzi huo hawezi kuunganisha vidokezo, na kosa halitakuwa lake. Lakini mwalimu ajihadhari asiisimulie habari yenyewe. Aonyeshe tenga na jamvi. Mvua aiache ndani ya kifungu.

Dakika 8: Kusoma kimya. Wanafunzi wasome wenyewe, mara mbili, bila kutembeza midomo. Kabla hawajaanza, wapewe swali moja la kuwaongoza, kwa mfano: "Soma ili ujue nani alimwonyesha mwenzake jambo jema." Anayesoma huku akitafuta kitu husoma kwa makini.

Dakika 15: Majadiliano. Katika darasa kubwa, wanafunzi wa dawati moja wajadiliane kwanza kwa sauti ya chini, kisha mmoja wao atoe jibu na mwingine wa dawati hilohilo aeleze wamejuaje. Kwa njia hii hata wale wanyonge hupata nafasi ya kusema.

Dakika 9: Kuandika. Maswali mawili au matatu tu yaandikwe madaftarini, na mojawapo liwe la kufupisha. Maswali matatu yaliyofikiriwa yana faida kuliko kumi yaliyonakiliwa.

Dakika 3: Hitimisho. Mwalimu awaulize wanafunzi ni mahali gani walipokwama na waliwezaje kutoka. Asimalize kwa kuwauliza, "Mmeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu katika kila shule tuliyopata kuitembelea.

Kusoma kwa sauti kuna nafasi yake. Kufanyike baada ya majadiliano, wakati maana imekwisha kueleweka. Mwanafunzi anayejua kwa nini Asha hakucheka ataisoma sentensi hiyo kwa sauti inayostahili bila kuelekezwa.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni mwalimu kukisoma kifungu na kukieleza chote kabla ya wanafunzi kukisoma. Baada ya hapo wanajibu kutokana na maelezo ya mwalimu. Kosa la pili ni kuorodhesha maneno magumu kumi na maana zake ubaoni. Yaelezwe yale ambayo kifungu hakitoi njia ya kuyakisia. Neno kama "alinuna" liachwe, kwa kuwa mtoto aliyenyimwa mchezo anajulikana atakavyofanya. Kosa la tatu ni kutunga maswali kipindi kikiwa kimekwisha kuanza. Maswali yatungwe wakati wa kuandaa somo, na mwalimu ayajaribu kwa kipimo cha vitelwa: je, mtu asiyeelewa anaweza kulijibu swali hili kwa kunakili? Kama anaweza, liandikwe upya.

Wapo watakaosema kwamba njia hii inachelewesha, na kwamba mtihani hauulizi "Umejuaje?" Ni kweli kwamba karatasi ya mtihani haina nafasi ya swali hilo. Lakini katika maswali ya kuchagua, majibu yasiyo sahihi mara nyingi hutungwa kwa maneno yaliyomo ndani ya kifungu, kusudi yamnase yule anayetafuta maneno yanayofanana. Aliyezoea kujiuliza amejuaje hanaswi kwa urahisi.

Hitimisho

Msichana wa Darasa la Sita tuliyemtaja hakuwa mzembe. Alifanya barabara kila alichofundishwa: alitamka, alizingatia vituo, aliitafuta sentensi inayofanana na swali, akainakili kwa mwandiko mzuri. Kwa miaka sita hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya maneno yale palikuwa na habari inayomhusu. Deni hilo ni letu sisi walimu, na ninyi mnaojiandaa kuingia madarasani ndio mtakaolilipa. Chaki, ubao, kifungu kifupi na swali moja vinatosha kuanzia.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Chukua kifungu chochote cha ufahamu kutoka katika kitabu cha kiada cha Darasa la Tano. Yapange maswali yake katika mafungu (a) hadi (f). Ni fungu lipi limepewa maswali mengi zaidi? Tunga maswali mawili kwa kila fungu lililosahauliwa.

2. Tunga kifungu cha maneno yasiyozidi 120 ambacho jambo lake kuu halikutajwa kwa jina. Mpe mwenzako akisome, kisha aonyeshe ni vidokezo vipi vilivyomfikisha kwenye jambo hilo.

3. Kwa nini mwanafunzi anayesoma Kiswahili kwa ufasaha anaweza kuwa haelewi anachosoma? Jadilianeni katika vikundi, mkitoa mifano kutoka katika shule mlikofanyia mazoezi ya kufundisha.